Marehemu Mke Wangu Anakula Karanga

Mliniacha kwenye kochi la shangazi wa mchumba wangu, magoti pamoja, kikombe cha chai mkononi, nikionyeshwa picha yangu mwenyewe. Bado niko hapohapo. Chai imepoa na mimi nimepoa.

Kwa anayenikuta leo, kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Ofisi yetu ni ndogo, watu watatu na feni moja, juu ya duka la viatu. Wateja wetu wote wana ugonjwa mmoja: hawaleti picha. Unamtengenezea mtu tovuti nzuri, unamwambia alete sura za wateja wake na maneno yao ya kumsifu, anakujibu, "Weka chochote kwanza, zitakuja." Haziji. Tovuti inafunguliwa na kile chochote.

Na kile chochote ni mimi.

Bosi ndiye aliyeanza. Siku moja alinitazama akasema, "Wewe una uso wa mtu asiyeweza kudanganya. Simama hapo ukutani." Tangu hapo ofisini naitwa Shahidi. Nimeshapona upara, nimeshapona mgongo, nimeshasifia nepi. Mgongo wangu haujawahi kuniuma, na mtoto sina.

Juzi shangazi akaikuta sura yangu kwenye tovuti ya kituo cha kuachisha watu pombe. Na Jumamosi wazee wangu wanakwenda kwake kupanga siku ya harusi. Shangazi ndiye aliyemlea mchumba wangu tangu utotoni. Akisema hapana, hakuna wa kusema ndiyo.

"Soma," aliniambia.

"Shangazi, nimeshaisoma."

"Soma kwa sauti. Mimi nilikuwa karani wa mahakama. Najua mtu anavyosoma maneno yake na anavyosoma ya mwenzake."

Nikasoma. "Nililewa mpaka watoto wangu wakanikimbia. Leo nimerudi kuwa binadamu. Mteja wetu, baba wa watoto watatu."

Sauti ilinikwama penye watoto. Siku zote nasoma vizuri tu, ila siku hiyo ikakwama.

"Umemsikia?" shangazi akamwambia mchumba wangu. "Amekwama penye watoto."

Mchumba wangu anafanya kazi kwenye duka la dawa, na ni mtu wa kucheka. Alipoiona ile picha mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa hacheki. Alikuwa anaizungusha pete yake kidoleni.

"Mimi namwamini," alisema. "Ila, mpenzi, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kazini najifanya mlevi?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

Nikaona aibu. Kweli, ningesema tu. Tungecheka yakaisha.

Shangazi akatelezesha kidole kwenye tableti yake. "Na huyu je?"

Bima ya mazishi. Mimi tena, shati lilelile la bluu, nimeinamisha kichwa kwa huzuni. Bosi aliniambia nifikirie kitu cha kusikitisha, nikafikiria Jumatatu. Chini yake imeandikwa: "Mke wangu alipofariki, walinishika mkono mpaka mwisho."

"Kwa hiyo ulioa, ukafiwa, ukanywa, ukaacha, na nywele zikarudi," alisema shangazi. "Halafu ndiyo unakuja kwangu."

"Shangazi, hayo maneno yote niliyaandika mimi mwenyewe!"

Nilidhani nimejitetea. Mchumba wangu akafumba macho.

"Mahakamani," shangazi akasema taratibu, "mtu hasimami kuwa shahidi wa kesi yake. Kesho saa sita mchana nakuja ofisini kwenu. Huyo bosi wako aniambie kwa mdomo wake kwamba hizi habari ni za uongo. Akisema, wazee wako waje Jumamosi, tutawapokea vizuri. Asiposema, wasijisumbue."

Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, nikamshika na mkono. Neno moja tu la bosi, nani angeshindwa kulipata?

Nikalala fofofo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, jamani, kwamba nililala.

Asubuhi nikawahi kazini. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ruta ya mtandao juu ya kabati, imebandikwa karatasi iliyoandikwa USINIGUSE. Kibodi yangu ambayo herufi A imefutika. Ubao mweupe wenye orodha ya wateja waliotukimbia, ambao bosi hataki ufutwe kwa sababu bado anawatumaini.

Rangi alikuwa ameshafika. Rangi ndiye mchoraji wetu, dada mkimya, meza yake inatazamana na yangu tangu ofisi ifunguliwe. Kutwa anakula karanga kutoka kwenye kopo lililo kando ya kipanya chake. Akiona nina njaa ananisogezea kopo bila kusema kitu.

Nikamsimulia yote. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Kumbe Jumamosi ndiyo mnapanga siku," alisema.

"Ndiyo. Sasa nisaidie. Bosi akibabaika, wewe waambie tu ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwani kuna kweli ngapi? Kwamba zile ni picha za kujazia, basi."

Akatafuna karanga yake mpaka ikaisha. "Haya," alisema, akarudi kwenye skrini.

Hapo ningetulia. Lakini mwenzenu nina mkono usiokaa. Nikajiambia, shangazi akija akute angalau picha moja nimeiondoa, aone nina nia njema. Ile ya pombe sikuweza, mwenye kituo alishabadilisha nenosiri. Ile ya upara sikuweza, mwenye dawa hapokei simu tangu nywele zake mwenyewe zilipoisha. Ikabaki bima ya mazishi.

Nikaingia, nikaifuta sura yangu. Nikaufungua ukurasa upya niangalie.

Sasa niwaeleze ujanja wetu. Rangi na mimi tulichoka na nafasi tupu, kwa hiyo tulizitengeneza kwa namna yetu. Nafasi ikikosa picha, haikai wazi. Inajichukulia yenyewe picha inayofuata kutoka kwenye folda yetu ya picha za muda. Siku tulipoufanya ujanja huo tulipongezana sana.

Picha iliyofuata ilikuwa ya harusi.

Mimi nimevaa koti la bosi. Rangi amejitanda pazia la dirishani kuwa shela. Tumesimama juu ya paa la ofisi tunatazamana, naye anacheka meno yote nje. Tuliipiga kwa ajili ya ukumbi mmoja wa sherehe ambao mwenye nao, kama kawaida, hakuleta picha. Na chini ya ile picha maneno yalikuwa yaleyale: "Mke wangu alipofariki, walinishika mkono mpaka mwisho."

"Rangi! Njoo uone! Umekufa!"

Alikuja akainama begani kwangu. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Naifuta na hii," nilisema.

"Usiifute. Hiyo niliihangaikia."

"Shangazi anakuja, Rangi!"

"Badilisha maneno. Picha iache."

Haya, maneno. Nikaanza kuyabadilisha, nikabonyeza kuhifadhi. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaganda. Mtandao umekatika. Nikatazama juu ya kabati, ruta inawaka nyekundu. Nikapanda kwenye kiti nikaigusa, na karatasi ile naiona kabisa. Ikazimika yote.

Hapo ndipo bosi alipoingia.

Hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mama mmoja mrefu mwenye kliniki za macho, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Bosi alimvutia kile kiti ambacho magurudumu yake yote bado yapo.

Mjue huyu mama ni nani kwetu. Bosi alikuwa anamfuatilia kwa muda mrefu. Alituambia waziwazi, huyu tukimkosa tunafunga ofisi, kila mtu arudi kwao.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka juu ya kiti, ruta mkononi.

"Marahaba. Shuka, usije ukavunjika."

Nikashuka nikamvuta bosi pembeni. "Bosi, saa sita nina wageni. Nakuomba, wakikuuliza, sema tu kwamba..."

"Baadaye, Shahidi, baadaye."

"Bosi, ni harusi yangu."

"Na hii ni ofisi yangu. Baadaye."

Mama wa macho hakuwa mtu wa kuzunguka. "Mimi nimeshaumia," alisema. "Waliotengeneza tovuti yangu ya kwanza waliweka mgonjwa wa uongo. Eti alikuwa haoni, sasa anaona. Watu wakamtambua, kumbe ni dereva wa teksi wa mtaani, hata miwani hajawahi kuvaa. Wakasema kama mgonjwa ni wa uongo basi na daktari ni wa uongo. Nilifunga tawi zima kwa aibu. Kwa hiyo sina maswali mengi. Hawa watu ulionionyesha kwenye kazi zenu, ni wa kweli?"

Bosi akaweka mkono kifuani. "Mama, hapa hatuweki mtu wa uongo. Haki ya Mungu."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa sita ilikuwa bado mbali, huyu mama angekuwa ameshaondoka. Nikapumua.

"Hodi hapa!"

Karani wa mahakama, jamani. Kuchelewa hajui, na kwake kufika kwa wakati ni kuchelewa.

Shangazi aliingia na mkoba wake kwapani. Nyuma yake mchumba wangu, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa, ameomba ruhusa kwa haraka. Alinitabasamia. Tabasamu lile ninalo mpaka leo, maana sijapata jingine.

"Karibuni, karibuni sana!" bosi akasema. Alidhani ni wateja wengine, akazidi kuchangamka.

"Sikai," alisema shangazi. "Wewe ndiye mkubwa wa huyu kijana? Nina swali dogo." Akaifungua tableti yake. "Huyu aliyeacha pombe ni yeye. Hii habari ni ya kweli au ni ya uongo?"



Bosi akanitazama. Kisha akamtazama mama wa macho, ambaye alikuwa ameshavaa miwani yake anasubiri kusikia. Nilimwomba kwa macho aniokoe. Najua alinielewa, kwa sababu aliangalia chini kabla ya kujibu.

"Ni ya kweli," alisema.

"Bosi!"

"Usione haya, kijana wangu. Ulipambana."

Mama wa macho akainuka, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera sana, baba. Ndugu yangu mimi alishindwa. Wewe umeweza."

"Mama, mimi sijawahi kunywa hata bia moja."

"Wote husema hivyo," alinijibu kwa huruma. "Kukataa ni sehemu ya ugonjwa."

Nikamgeukia mchumba wangu. "Anadanganya! Anadanganya kwa sababu anaogopa kumkosa huyu mama! Hakuna mlevi, hakuna mgonjwa, wote ni mimi!"

Nilisema, jamani. Nimeshalaumiwa kwamba sikusema. Nilisema yote, mbele ya mteja, na ofisi nikaiweka rehani. Mnajua bosi alijibu nini?

"Msameheni," alisema akinipapasa bega. "Kuna siku anachanganyikiwa hivi. Tumemzoea."

Na wote wakanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyechanganyikiwa. Hata mchumba wangu. Aliniangalia machoni, akaniangalia na mikono, labda inatetemeka. Ilikuwa inatetemeka kweli.

Shangazi hakupaza sauti. "Basi, la kwanza limeisha. Lipo la pili."

Ruta yetu ilikuwa imekufa, lakini tableti ya shangazi ina laini yake yenyewe. Ukurasa wa bima ya mazishi ukafunguka bila taabu. Nilijua kabla hajasema kitu. Nikakaa juu ya meza.

"Jana hapa palikuwa na mtu aliyefiwa," alisema shangazi. "Leo pana bwana na bibi harusi. Mwanangu, njoo umwone marehemu."

Mchumba wangu akasogea, akatazama kwa karibu. Kisha akainua macho, akavuka nayo chumba kizima mpaka upande wa pili, ambako marehemu alikuwa ameketi nyuma ya kompyuta yake, karanga mdomoni, hatafuni.

"Si yule pale?" aliuliza.

"Ni ya kujazia!" nilipiga kelele. "Hilo si shela, ni pazia! Pazia lenyewe hili hapa!"

Nikalikimbilia dirishani nikalivuta niwaonyeshe. Likaanguka lote pamoja na fimbo yake na vumbi lake. Nikabaki nimelikumbatia, nakohoa, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Mama wa macho ndiye aliyekuwa anazungumza sasa, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Bosi, hawa wawili mimi nawafahamu. Ulinionyesha kwenye tovuti ya ukumbi wa sherehe. Nilikwambia, hawa wanapendana mpaka mtu unaona. Sasa naambiwa huyu amefiwa na mke, na mke namwona amekaa. Hawa ni mume na mke au si mume na mke? Kama na hawa ni wa uongo, mimi naondoka sasa hivi."

Bosi ana maneno ya kumwuzia nepi mtu asiye na mtoto, lakini pale yalimwishia.

Shangazi akageuka. "Wewe binti. Wewe bado hujasema. Usiogope, hapa hakuna wa kukufanya kitu. Huyu kijana ni nani wako?"

Nikashusha pumzi. Jamani, nilifurahi. Rangi hajui kudanganya. Hata wateja anawaambia usoni kwamba rangi walizochagua ni mbaya, ndiyo maana nusu yao wako kwenye ule ubao. Tena tulikuwa tumekubaliana asubuhi. Nikaweka pazia chini, nikasimama wima nisafishwe jina langu.

Rangi akaimeza karanga yake. Akajipangusa mikono kwenye sketi, mmoja, halafu wa pili.

Na hili nataka mlijue, kwa sababu watu wanasema alifanya vile kuiokoa kazi. Hakumtazama bosi. Hakumtazama na mama wa macho. Alinitazama mimi, kama alivyonitazama juu ya lile paa.

"Ni mume wangu," alisema.

"Nilijua tu!" alisema mama wa macho, akarudi kwenye kiti chake. Bosi akajifuta jasho.

Mimi nilitaka kusema. Ulimi ulikuwepo, maneno yalikuwepo, ila nani angenisikiliza? Mlevi aliyepona, aliyechanganyikiwa, mwenye vumbi la pazia kichwani.

Mchumba wangu hakulia wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alianza kuivua pete. Ikakwama kwenye kiungo cha kidole, akaisokota, ngozi ikajikunja, akaisokota tena mpaka ikatoka. Akapita mbele yangu bila kunigusa, akaenda mezani kwa Rangi, akaiweka kando ya kopo la karanga.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Sikujua kabisa. Hii ni yako."

Akamshika shangazi mkono, wakatoka. Nikasikia viatu vya shangazi vinashuka ngazi, taratibu, wala havina haraka.

Nikaona bado naweza kuwawahi. Ila siwezi kumfuata mikono mitupu, lazima niende na pete. Nikaikimbilia meza ya Rangi nikanyoosha mkono.

"Nipe upesi, niwawahi wako ngazini."

Rangi aliichukua. Hakuniwekea mkononi. Aliivaa, na ikamwingia bila kukwama.